Kiitikio Nilichokunyima Kizuizini

Mugoma, Jumapili mchana

Mwanangu Pelajia,

Hali sikuulizi, maana leo asubuhi nimekuona ukila kiporo cha maharage umesimama mlangoni, jambo ambalo mama yako alikukataza tangu utotoni. Sasa umekwenda Nyamiaga kumuaga bibi yako, nami nimeketi mezani na karatasi nilizochana katikati ya daftari lako la zamani. Utarudi jioni. Nataka niwe nimemaliza.

Mambo ya safari sitayaandika. Ya nguo, ya chakula, ya kuishi na shangazi yako Filotea kule Nyarubungo, hayo unayajua, na usiyoyajua yeye atakwambia bila kuchoka. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba na hauniruhusu kuandika mengi. Nina jambo moja. Nimekaa nalo tangu ulipokuwa darasa la tatu, na kesho, ukienda kupanda gari la msafara wa Biharamulo, utapita mahali pale pale lilipotokea. Nitakupa barua hii njiani, kabla hatujafika kizuizini, pale wanapokagua watu barabarani. Ukishaisoma, wewe ndiye utakayeamua kama nivuke nawe mpaka kwenye gari au nirudi nyumbani.

Mzee Zakaria wa bendi alipokuja kukuomba ukaimbe nao, aliniuliza umejifunzia wapi kuimba. Nilimjibu kanisani. Nilimjibu hivyo kwa aibu. Ulijifunzia mgongoni kwa mama yako, kwenye maharage.

Huwezi kukumbuka. Tukishang'oa maharage na kuyakausha, wanawake majirani walikuja uani kwetu kuyapura. Walisimama safu mbili wakitazamana, kila mmoja na fimbo yake, rundo likiwa katikati. Bila wimbo fimbo hugongana na watu huumizana vidole, kwa hiyo mmoja huanzisha, wengine huitikia, na fimbo zote hushuka pamoja kwenye kiitikio. Mwanzishaji alikuwa mama yako Leokadia. Mstari wa kwanza aliuimba chini chini, ameinamia ardhi, kama mtu anayeonja mchuzi kujua chumvi. Halafu ndipo aliinua kichwa. Wewe ulikuwa umefungwa mgongoni kwake, sikio limelala kwenye mbavu zake, ukiusikia wimbo kabla haujafika mdomoni. Siku za kupura hukuwahi kusinzia. Na hata leo ukianza wimbo unainamisha kichwa. Watu wanadhani ni haya.

Mimi nilikuwa mtu wa karatasi. Baba yangu alikuwa akisaidia kufundisha dini, na alinipiga vidole kwa ufito kila nilipoharibu wimbo wa misa. Nilikua nikiamini kwamba wimbo ni kitu cha kukosolewa. Nyimbo za mama yako za Kihangaza, lugha yetu, nilizipenda, lakini akija mgeni wa mjini nilimwomba azipunguze.

Ulipoanza shule nilifurahi kwa sababu sasa kulikuwa na nyimbo ninazozijua. Wimbo wenu wa mchakamchaka nilikusaidia kuujifunza, na maneno mengine niliyapachika mwenyewe. Asubuhi ulisimama juu ya lile jiwe kando ya jiko ukiosha miguu, ukaanza: "Nani ameamka na jogoo?" Mimi kutoka zizini nikaitikia: "Ni sisi wa Mugoma." Siku nikichelewa, ulibaki umeinua mguu mmoja, maji yanachuruzika, na huendelei.

"Baba."

"Niko hapa."

"Si uitikie basi."

Nikaitikia, ukaushusha mguu, mambo yakaendelea. Mama yako alikuwa akicheka jikoni, anasema tunawachelewesha mbuzi.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka. Unaikumbuka kwa vitu vya mtoto: maturubai ya buluu, mahindi ya njano, milima iliyobaki bila mti kwa ajili ya kuni. Wanawake wa kambini walikuja kwetu kubadilisha mahindi kwa ndizi, na wengine walipura maharage pamoja na mama yako wakapewa sehemu yao. Walizielewa nyimbo zake, maana Kirundi na Kihangaza ni ndugu wa tumbo moja. Waliongeza beti zao. Uani kwetu hapakujulikana nani ni nani, na hakuna aliyeuliza.

Baadaye ukaja msako. Mkimbizi hakutakiwa kuonekana nje ya kambi, na aliyekutwa alipakiwa kwenye lori. Kwa mtu wa mbali hilo lilikuwa jambo rahisi. Kwa sisi wa vilima hivi, ambao lugha yetu, majina yetu na sura zetu ni zile zile za ng'ambo, lilikuwa jambo la kutisha. Mama yangu mzazi alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvubu, akaolewa huku kabla mimi sijafikiriwa. Nilijiona kama mtu anayetembea na kaa la moto mfukoni.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Tulikuwa tunarudi, mimi mbele nikisukuma baiskeli, ninyi wawili nyuma mkizungumza habari ya kanga fulani ambayo mama yako hakuinunua. Kizuizini palikuwa na kamba, pipa, na mgambo wawili. Nilionyesha stakabadhi yangu ya kodi. Mmoja aliisoma, akanitazama usoni, akasema, "Pita." Nikapita. Mbele kidogo lilikuwa limeegeshwa lori la mahindi ya msaada, nami nikasimama nyuma ya gurudumu lake nikijifanya nafunga mzigo vizuri, nikiwangoja.

Nilisikia yote, Pelajia. Nilikuwa hatua ishirini.

Yule mrefu alimuuliza mama yako, "Mama, unatoka wapi?"

"Hapa hapa. Mugoma."

"Mugoma kwa nani?"

Unajua Kiswahili cha mama yako kilikuwa cha sokoni, kilitosha kuuza na kununua. Kwa hofu kilimkimbia. Alianza kujibu kwa Kiswahili akamalizia kwa Kihangaza. Yule mrefu akamgeukia mwenzake. "Haya, mwingine huyu. Kaa pale kwenye majani na wenzako, mama. Lori likija mtapanda."

Kwenye majani walikuwa wamekaa watu kama kumi, na vifurushi vyao.

"Mimi si mkimbizi," mama yako akasema.

"Wote mnasema hivyo. Mume wako yuko wapi?"

Hapo mama yako aliinua macho, akaniona. Kati ya gurudumu na baiskeli aliniona, na mimi nikamwona, tukatazamana kwa muda wa mtu kumeza mate. Halafu macho yake yakanipita, kama unavyompita mtu usiyemjua sokoni.

"Ametangulia," akasema.

Wewe ulikuwa umeshika kanga yake. Ukamwambia yule mgambo, "Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo umefundishwa kambini?"

"Nimefundishwa shuleni."

"Darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Mwongo wewe. Wa darasa la tatu wanajua mchakamchaka. Hebu imba tusikie."

Mwenzake akasema, "Mwache, atajikojolea huyo."

"Aimbe. Akishindwa anapanda na mama yake."

Ukainamisha kichwa. Ukaimba, "Nani ameamka na jogoo?" Ukanyamaza.

Wao walidhani umesahau. Yule mrefu alianza kutabasamu. Lakini mimi nilikuona umeinua mguu mmoja kidogo kutoka ardhini, na nikajua hukusahau chochote. Ulikuwa unangoja. Kiitikio kilikuwa changu.

Nikikuandikia kwamba sauti ilinikwama kooni nitakuwa nakudanganya tena. Haikukwama. Niliifunga mwenyewe. Nilihesabu kwamba nikijitokeza wataniuliza mimi ni nani na mama yangu alizaliwa wapi, kisha tutapakiwa wote watatu. Nilihesabu kwamba mwanamke mwenye mtoto hawatamfanya kitu. Hesabu zangu zilikuwa nzuri. Mwoga hakosei hesabu.

Ulipoona kimya kimezidi, uliushusha mguu, ukaitikia mwenyewe. Uliitikia kwa sauti nzito, ya kifuani, ukiiga yangu. "Ni sisi wa Mugoma." Ukarudi kwenye sauti yako ukaanzisha mstari wa pili, ukaitikia kwa sauti yangu. Uliimba hivyo mpaka mwisho, baba na mtoto katika mdomo mmoja. Katikati ya wimbo bibi mmoja kati ya wale wa kwenye majani alianza kupiga makofi kwenye kiitikio, na wenzake wakamfuata. Maneno hawakuyajua. Walipiga makofi tu.

Yule mgambo alicheka, halafu akaacha kucheka. Akatazama pembeni. "Mchukue mama yako mwende," akasema. Wale wengine walibaki. Lori lilipokuja, nyie mlikuwa mmeshapanda mlima.

Mimi sikuwangoja hapo. Nilirukia baiskeli nikakimbilia mashine ya kusaga, ili mnikute huko kama mtu aliyefika zamani. Ulikuja mbio, umemwacha mama yako nyuma.

"Baba, nimeimba."

"Umeimba wapi?"

"Kizuizini. Hukusikia?"

"Ningesikiaje, mama? Kelele zote hizi za mashine."

Ukaitazama mashine. Wiki ile haikuwa na dizeli. Ilikuwa imenyamaza, na kuku walikuwa wamelala juu ya mkanda wake. Uliitazama, ukanitazama. Mama yako alifika, akahema kidogo, akakushika mkono. "Baba yako alikuwa mbali," akakwambia. "Twende nyumbani, moto utakuwa umezimika."

Sijawahi kujua kama ulielewa. Miaka kumi nimekuwa nikikuchungulia usoni kulitafuta jibu, na hiyo ndiyo sababu wakati mwingine uliniambia, "Baba, mbona unanitazama hivyo?"

Kosa la pili lilitoka ndani ya la kwanza. Jioni ile ile nilimwambia mama yako kwamba nyimbo za kilugha zitatupeleka kwenye lori, aziache. Nilisema kwa ukali, kama mtu anayelinda nyumba. Hakubishana. Msimu uliofuata wanawake walipura kimya, fimbo zikagongana, mmoja akavunjika kucha. Msimu wa pili walihamia uani kwa jirani. Kwenye jiwe nako uliosha miguu bila kuimba, nami zizini nilijitia shughuli nyingi. Badala yake nikakufundisha kuimba mbele ya wageni, umenyooka, mikono kando, Kiswahili safi, mimi nikigonga meza kwa kidole kila ulipokosea. Nilikuwa nakutayarisha kwa mgambo mwingine. Wewe ulidhani baba anapenda muziki.

Mama yako hakunisema hata mara moja. Alipougua kifua, siku moja pale zahanati, aliniambia tu, "Mwambie mwenyewe. Usije ukadhani nikifa limekwisha." Nikamwambia nitakwambia. Siku chache kabla hajatutoka, wewe ukiwa umekwenda kuchota maji ya kumwogesha, alianza kugonga ukingo wa kitanda kwa vidole. Nilidhani ni maumivu. Halafu akaanzisha ule wimbo wake wa maharage, mstari wa kwanza, chini chini, amegeukia ukuta. Akangoja.

Nikaitikia.

Akacheka mpaka akakohoa. "Umechelewa," akasema.

Huo ulikuwa wimbo wetu wa mwisho, nami sikukusimulia kwa sababu kulisimulia hilo kungevuta lile jingine. Tangu tumzike tumevuna maharage mara tatu.

Ndipo akaja Zakaria na baiskeli yake na suruali iliyopigwa pasi, akakaa pale kwenye kigoda. Unakumbuka maneno yake, ulikuwa kwenye mlango wa jikoni.

"Mzee mwenzangu, mimi nimepiga gitaa harusini tangu sijaota ndevu. Binti yako nimemsikia Nyamiaga kwenye harusi. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza, na watu wanaacha pilau mdomoni. Halafu anashusha ile sauti nzito. Nani kamfundisha kile kimya?"

Nikamwambia, "Mwanangu hatakwenda kwenye bendi." Akaeleza kwamba ni harusi na sikukuu, kwamba mkewe mwenyewe anaimba humo, kwamba kuna safari ya Mwanza kurekodi redioni. Nikasimama nikamwonyesha njia. Ulidhani naogopa pombe na wanaume. Hukunisemesha siku nne. Nilizihesabu kwa sahani ulizoniwekea bila neno.

Shangazi yako alipokuja kusuluhisha, alinifuata shambani. "Kaka," akasema, "yule Zakaria ana wajukuu na magoti mabovu. Kitu gani kinakutisha pale? Unaogopa bendi, au unamwogopa huyu mtoto?" Nikamweleza yote, nimeegemea jembe. Hakunipa pole. Akasema, "Basi andika, maana kusema hutaweza. Nakujua." Jioni hiyo nikakwambia uende, ukafurahi, ukanipigia magoti. Sikustahili magoti yale.

Ulivyokulia ndani ya nyumba hii ndivyo unavyoimba, na sehemu yake mbaya ni yangu. Ile kuinama ni ya mama yako. Kile kimya ambacho watu wa bendi wanakusifia, na ile sauti nzito inayokifuata, ulivipata kizuizini siku baba yako alipokuacha na nafasi tupu ukaijaza. Sikuambii uviache. Sijui kama mtu anaweza kuviacha, na labda ndivyo vitakavyokulisha. Lakini nimekuona kanisani, ukishanyamaza, macho yako yanazunguka kwenye mabenchi kabla hujaendelea. Mwalimu wa kwaya anasema unaringa. Mimi najua unamtafuta nani, hata kama wewe hujui.

Kwa hiyo nilitaka ulijue hili kabla hujasimama mbele ya watu wa Biharamulo: siku ile sauti yako ilifika. Hukuimba vibaya, hukuimba chini mno. Aliyetakiwa kuitikia alikuwepo na alikusikia kila neno. Usije ukaimba maisha yako yote ukidhani inabidi upaze zaidi.

Mawingu yamejikusanya upande wa Nyamiaga na mbuzi wanalia, nadhani utafika umelowa. Nimekuwekea maji ya moto.

Kesho kizuizini watauliza, kama wanavyouliza bado. Barua ya mtendaji wa kijiji utakuwa nayo, na Kiswahili chako hakina kasoro, hutanihitaji mimi. Hata hivyo mtu akiuliza huyu ni wa nani, ningependa nijibu mimi. Wakitaka kujua mama yangu alizaliwa wapi, nitawaambia. Nimekwisha kufanya mazoezi ya kulisema hilo, nikiwa peke yangu na mbuzi.

Barua hii nitakupa tukifika pale kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alishaifunga, imebaki ngazi yake ya saruji. Utakaa hapo usome, mimi nitasimama barabarani na sanduku la mama yako lenye nguo zako. Usione lazima kusema kitu. Ukimaliza, ukija ukalichukua sanduku mkononi mwangu, nitaelewa, nitarudi nyumbani na sitakuwa na kinyongo. Ukiliacha mkononi mwangu ukaanza kutembea, nitakufuata. Wewe utatangulia. Safari hii nitakuwa nyuma yako, karibu, mahali ambapo ukinyamaza utanisikia.

Baba yako,
Anselimu